Chai Huonjwa Mombasa, Hukumu Haifiki Magwagwa

Watu wa pwani tuna sifa ya ulimi. Si ulimi wa maneno tu, ingawa huo nao tunao, bali ulimi wa kuonja. Bibi wa Mji wa Kale akitia tonge moja la biriani kinywani atakwambia kama mchele ulirowekwa vya kutosha, kama samli ni ya kweli au ni ya mkebe, na kama mpishi alikuwa na haraka. Muuza kahawa wa barazani hathubutu kuchanganya buni mbovu, kwa kuwa wazee watamrudishia kikombe mbele ya watu. Lakini ikija zamu ya chai, kitu tunachokinywa asubuhi, jioni, harusini na matangani, ulimi huo hulala. Tunaizika chai ndani ya maziwa, sukari, tangawizi na iliki, kisha tunaisifu iliki.

Jambo hili ni la ajabu zaidi kwa sababu ni katika mji wetu wenyewe wa Mombasa ambamo chai ya Afrika Mashariki huonjwa na kuhukumiwa. Mnada wa chai ulianzishwa Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969 ili uwe karibu na bandari. Mnada mkongwe wa London ulifungwa mwaka 1998, na tangu hapo Mombasa imekuwa miongoni mwa minada mikubwa kabisa ya chai duniani. Huletwa chai ya Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Malawi na kwingineko. Magunia yake ya karatasi hulala katika maghala ya Shimanzi na Changamwe, na kila mtu aliyepita huko ameyaona malori. Tangu mwaka 2020 nyundo ya dalali imenyamazishwa, na bei hupigwa kwa kompyuta. Hata hivyo kompyuta haina ulimi. Kabla ya gunia moja kunadiwa, yupo binadamu aliyekwisha kuionja chai hiyo na kusema ni ya namna gani, na bei hufuata neno lake.

Tumwangalie binadamu huyo kazini, maana kazi yake ni sanaa kama zilivyo sanaa nyingine zinazosifiwa katika ukurasa huu.

Chumba chake kina meza ndefu na madirisha makubwa, kwa kuwa rangi ya chai haihukumiwi kwa taa hafifu. Juu ya meza vimepangwa vikombe kwa safu, vyote vyeupe, na mbele ya kila kikombe pana kichungu chenye kifuniko na sahani ya majani makavu. Msaidizi hupima majani kwa mizani ndogo. Kipimo kinachokubaliwa na mataifa ni gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji. Maji huchemshwa na kumiminwa mara moja, na saa huanza kuhesabu. Baada ya dakika tano au sita kichungu hupinduliwa, chai ikachuruzika katika kikombe, na majani yaliyolowa yakatandazwa juu ya kifuniko. Kwa hiyo kila chai huwa na nyuso tatu: jani kavu, jani lililoiva, na maji yake.

Mwonjaji huanza na jani kavu. Hulichukua kiganjani, akalitikisa, akatazama kama punje zinalingana, kama ni nyeusi inayopendeza au ya kijivu iliyokwaruzwa, na kama zimo nyuzi za vikonyo. Kisha huinama juu ya jani lililolowa na kulinusa. Hilo hutakiwa ling'are kama shaba mpya. Likiwa la kijani, halikupewa muda wa kutosha wa kuchachuka kiwandani. Likiwa la udongoudongo, lilichachuka kupita kiasi, au lilipata joto guniani kabla ya kufika. Halafu ndiyo huja kijiko. Hapa msomaji aliyelelewa vyema atashtuka, kwani mwonjaji huvuta chai kwa kishindo ambacho mtoto wa kwetu akikifanya mbele ya wageni atakosa amani. Lakini kishindo hicho kina kazi. Chai huvutwa pamoja na hewa, ikatapakaa ulimini, kaakaani na nyuma ya pua kwa mara moja. Kwa nukta mbili tatu macho yake hayapo pale. Kisha hutema katika chombo kikubwa kinachosukumwa kando yake kwa magurudumu, akataja neno moja au mawili, mwandishi akaandika, naye keshafika kikombe cha pili. Kwa siku moja huonja vikombe kwa mamia.

Na maneno anayoyataja? Ndipo mimi, mtu wa mashairi, ninapotega sikio. Yote ni ya Kiingereza, na yamekuwa hivyo tangu siku za wakoloni. Ilhali Kiswahili chetu cha pwani kina maneno ya ulimi ambayo yamekaa tu kabatini. Chai isiyo na kitu, iliyopwaya mdomoni, sisi tunaiita chapwa, na wengine husema dufu. Ile hali ya kukamata ulimi na ufizi, kama ulivyo ukamataji wa kanju au ndizi mbichi, ni ukakasi. Na ukakasi wa kiasi katika chai si ila, ndio uhai wake. Chai inayochangamka kinywani tunaweza kuiita changamfu bila ya kuazima kwa mtu. Iliyozidishwa moto wa kukaushia ina harufu ya ukoko. Iliyokaa karibu na mafuta ya taa au vitunguu huchukua harufu yake, maana jani la chai ni mwizi wa harufu. Ama rangi, wazee wetu walishatupa jina: chai isiyo maziwa tunaiita chai ya mkandaa, kwa wekundu wa maji ya magome ya ule mti wa mikoko. Jina hilo peke yake ni hukumu ya mwonjaji. Aliyelitunga aliiangalia chai kwa jicho kabla ya kuigusa kwa mdomo.

Wataalamu wa maabara wana maelezo yao. Wanasema mng'ao na uchangamfu hutoka katika vitu viitwavyo theaflavini, na kwamba rangi nzito na uzito wa kinywani hutoka katika thearubijini, vyote vikizaliwa pale jani linapopondwa na kupigwa na hewa. Ipo na dalili moja ambayo kila mtu aweza kuijaribu nyumbani bila maabara. Tia chai nzuri nzito ya mkandaa katika bilauri, uiache ipoe kabisa. Ikiwa na nguvu ya kweli itaingia ukungu, kama iliyotiwa tone la maziwa. Wengi hudhani imeharibika na kuimwaga, na kumbe hapo ndipo ilipojitangaza.

Wafaransa wa Burgundy nao wana sanaa iliyo pacha na hii, isipokuwa ya kwao ni ya mvinyo mwekundu. Kwetu mvinyo ni haramu, na utamu wake hauna mjadala katika ukurasa huu. Ninachotaka kukitazama ni namna wanavyohukumu, na zaidi, nini hutendeka baada ya hukumu. Nao huinamisha bilauri juu ya kitambaa cheupe ili waione rangi. Nao hunusa, huvuta kwa hewa, hutema na kuandika. Mzabibu wao mwekundu, karibu wote, ni wa aina moja, uitwao Pinot Noir. Kwa kuwa mti ni mmoja, tofauti ya ladha huitafuta katika ardhi: mteremko huu unapata jua la asubuhi, ule una mawe ya chokaa, huu uko chini mno na maji hutuama. Kwa karne nyingi, tangu enzi za watawa, wamevigawa vilima vyao vipande vipande, kila kipande kikapewa jina na daraja, na mwaka 2015 UNESCO iliviandika vipande hivyo katika urithi wa dunia. Shamba la Romanée-Conti, ambalo jina lake hutajwa kwa kunong'ona na matajiri, halifiki ekari tano. Ng'ambo ya njia ya mguu, bei ni nyingine.

Basi mkulima wa kijiji cha Vosne-Romanée huliona jina la kijiji chake limebandikwa kwenye chupa inayouzwa Tokyo. Akisifiwa, anajua ni yeye. Akitukanwa, pia anajua ni yeye, na mwaka unaofuata atarekebisha. Mji wao wa Beaune una mnada wa mvinyo uliofanyika tangu mwaka 1859 kwa faida ya hospitali ya kale ya mji huo, na wakulima wenyewe huhudhuria kuonja na kusikiliza yanayosemwa.

Sasa njoo nami Magwagwa.

Magwagwa iko kaskazini ya Nyamira, katika nchi ya Abagusii, ambako milima huteremka kuelekea mto Sondu. Magazetini jina lake hutajwa zaidi kwa habari ya bwawa la umeme lililopangwa miaka mingi katika mto huo. Lakini maisha ya watu wake hayangoji bwawa. Yanategemea ndizi, mahindi, ng'ombe, kahawa kidogo na chai. Mashamba ni madogo, yamerithiwa na kugawanywa kutoka babu hadi mjukuu, na sehemu ya chai aghalabu haifiki ekari moja. Yaani mtu wa Magwagwa na mtu wa Romanée-Conti ni majirani kwa udogo wa shamba. Kwa kila kitu kingine wako mbali.

Mchumaji huingia shambani asubuhi, umande ungalipo. Kanuni aliyofundishwa ni majani mawili na chipukizi, basi. Jani la tatu limekwisha kukomaa. Lina uzito katika mizani lakini halina kitu katika kikombe. Akishajaza kikapu hukipeleka kituoni, karani akapima, akaandika kilo, na lori likachukua. Kilo nne na ushei za majani mabichi ndizo huzaa kilo moja ya chai kavu. Kiwandani majani hunyaushwa, hupitishwa katika mashine ya kuponda, kurarua na kuviringa iliyobuniwa Assam katika miaka ya 1930, huchachushwa, hukaushwa, hupepetwa kwa madaraja na kutiwa maguniani. Hapo majani ya Magwagwa yameshachanganyika na ya vilima vingine. Mnadani huenda kwa jina la kiwanda, kama vile Sanganyi, Gianchore, Kebirigo, Tombe au Nyansiongo. Baada ya mnada hata jina la kiwanda hupotea, kwani mnunuzi huichanganya tena na ya nchi nyingine katika pakiti yenye jina lake mwenyewe. Mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chai ya Kenya ni Pakistan, wakifuatiwa na wengine kama Misri, Uingereza na Falme za Kiarabu. Watu wa Karachi hufuturu kwa jasho la Magwagwa, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulisikia jina hilo.

Wala si kupotea kwa jina tu. Jambo linalouma zaidi ni hukumu. Kwa miaka mingi meza za Mombasa zimekuwa zikisema kwamba, kwa jumla, chai ya magharibi ya Bonde la Ufa, yaani Kisii, Nyamira, Kericho na Bomet, ni nyepesi kwa mng'ao kuliko ile ya mashariki, ya miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua. Bei hufuata, na bonasi ya mwaka hufuata bei. Mkulima wa mashariki hupata bonasi ambayo mara nyingine huzidi maradufu ya mwenzake wa magharibi kwa kilo ileile ya majani. Mwezi Julai 2021 iliwekwa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya wakulima wadogo, kwa nia njema ya kuwakinga. Wanunuzi wakaichukua ya mashariki, ya magharibi wakaipita, na magunia yakarundikana ghalani, mpaka baadaye kiwango hicho kikaachwa. Mwaka 2025 wakulima wa magharibi walinung'unika hadharani kwa udogo wa bonasi yao. Wengine walisema wameibiwa.

Mimi simtuhumu mwonjaji. Huenda pakawa na hila katika biashara hii kama katika biashara yoyote yenye madalali, na wanaohusika wapelelezwe. Lakini ulimi uliofunzwa haudanganyiki kirahisi, na sababu za tofauti ile nyingi zinajulikana. Mwinuko ni mmoja: chai hupenda baridi na kukua polepole, na ndiyo maana chai ya milima ya Rwanda mara nyingi hupata bei kuliko ya Kenya katika mnada huohuo. Ardhi ni nyingine. Watafiti wa Kericho walizalisha mche unaosifiwa kwa ladha, uitwao TRFK 6/8, na ilionekana kuwa mche huohuo ukipandwa mahali mbalimbali hutoa chai zenye sifa mbalimbali, sawasawa na mzabibu wa Wafaransa. Hayo ni ya Mungu, hayana wa kulaumiwa. Lakini ziko sababu za mikono. Uchumaji wa jani la tatu na la nne. Majani kushindiliwa guniani yakapata joto. Lori kuchelewa kwa barabara mbovu za mvua. Wachuuzi wanaonunua majani kando ya njia bila kuuliza yamechumwa vipi, mradi ni kilo.

Ukimuuliza mkulima kwa nini achume jani la tatu, jibu lake lina mantiki. Karani wa kituo hupima uzito, hapimi uzuri. Jani bovu kabisa litakataliwa, ni kweli, lakini yule mama aliyechagua chipukizi kwa chipukizi na yule jirani aliyefagia mkono mzima hulipwa kwa kilo bei moja, katika kiwanda kimoja. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa vimefungwa katika gunia moja na kutembezwa pamoja.

Nami nasema hapa ndipo kosa lilipo. Madalali huandika ripoti ya kila chai waliyoionja, na ripoti hiyo hupelekwa kiwandani. Meneja huisoma, kwa Kiingereza cha kitaalamu, na huirekebisha mashine ikiwa ila ni ya mashine. Ikiwa ila ni ya shamba, habari huishia mezani kwake. Mwenye shamba husikia hukumu mara moja kwa mwaka, siku ya bonasi, na huisikia kwa shilingi bila ya sababu yoyote. Mtu aliyehukumiwa bila kuambiwa kosa lake atafikiri nini, kama si wizi?

Sisi washairi tunalijua jambo hili. Shairi likirudishwa na mhariri likiwa na alama nyekundu, kwamba ubeti wa tatu mizani imepungua na kina cha kati kimevunjika, mtungaji hukasirika siku mbili, siku ya tatu hukaa akalitengeneza. Likirudishwa bila neno, hukasirika maisha. Malenga wengi wazuri walifundwa na wino mwekundu. Mkulima wa chai hajapewa wino huo.

Mambo mawili yanahitaji kutendwa na wakuu wa chai, wale wanaosimamia makampuni 54 ya viwanda vya wakulima wadogo zaidi ya laki sita. La kwanza ni kulipa uzuri pamoja na uzito, hata kama tofauti ni shilingi mbili tatu kwa kilo, kituo kwa kituo. Wataniambia ni vigumu kupima. Mizani ya umeme nayo iliambiwa ni vigumu, na leo iko vituoni. La pili ni jina. Wahindi waliilinda Darjeeling kwa sheria mwaka 2004, na leo asiyekuwa wa Darjeeling haruhusiwi kulitumia jina hilo. Sisi tunauza mamilioni ya kilo kila mwaka kwa ajili ya kutia nguvu pakiti za wengine. Sisemi chai yote ya Gusii iuzwe kwa majina ya vijiji. Nyingi itabaki ya kuchanganywa, na hapana aibu. Lakini katika vilima vile hapakosi miteremko miwili mitatu inayostahili kuonjwa peke yake. Haiwezi kujulikana ni ipi maadamu majani yote huingia lori moja.

Ama sisi wa pwani, tuanze na kikombe chetu. Kwa wiki moja tuinywe chai ya mkandaa bila iliki wala tangawizi, tujue tunachokinywa. Aliye muuza duka amuulize mletaji wake chai hii ni ya kiwanda gani. Vijana wetu wanaotafuta kazi bandarini wajue kwamba kuna kazi ya ulimi hatua chache kutoka Makadara, inayofundishwa kwa miaka, na inayotaka mtu asiyevuta sigara na mwenye subira. Na wenye lugha miongoni mwetu wakae na waonjaji, wawape chapwa, ukakasi, uchangamfu na ukoko, ili ripoti iweze kuandikwa kwa maneno ambayo mchumaji atayaelewa.

Maana ripoti yenyewe ni karatasi moja. Kuiandika upya kwa Kiswahili, na mwalimu wa shule akaisoma kwa Ekegusii pale kituoni, ni kazi ya saa moja kwa juma. Na lori linalokwenda Magwagwa kuchukua majani hupanda mlima likiwa tupu.